Nyumba ya Peke Yake Mteremkoni

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata huko herufi zilikuwa zimeanza kufifia. Mtaa mzima ulimwita Dada Fotokopi, kwa sababu ya kile kiduka chake kilichobanwa kati ya kinyozi na zahanati, chenye mashine moja kubwa ya kutoa nakala, kompyuta moja, na kaunta ya kioo ambayo chini yake alipanga picha za pasipoti za watu waliosahau kurudi kuzichukua. Mashine ile ilikuwa na kiburi chake. Hali ya hewa ikiwa na unyevu inatafuna karatasi, naye huipiga kofi ubavuni, si kwa hasira bali kama mtu anayemgonga mgongo aliyepaliwa, na mashine inaendelea.

Alikuwa na ugonjwa mmoja aliokiri mwenyewe: hawezi kunakili kitu bila kukisoma. Vyeti vya ndoa, barua za kuachishwa kazi, majibu ya vipimo, vyote vilipita machoni pake, naye akajifunza kufunga mdomo. Ndivyo alivyolisoma tangazo la Mwalimu Dira.

Huyu Mwalimu alikuwa mstaafu wa jiografia, mwembamba, shati limechomekwa hata siku ya mapumziko. Jina la Dira alipewa na wanafunzi, na likamganda. Tangazo lake lilisema wanatafutwa watu wa kujitolea kuboresha ramani ya nchi yao mtandaoni.

"Mwalimu, samahani," Dada Fotokopi alimwuliza huku karatasi zikitoka. "Ramani ya nchi si ilishachorwa zamani?"

"Fungua kompyuta yako, mwanangu, nikuonyeshe."

Akafungua. Zikatokea barabara kuu, hospitali ya rufaa, hoteli, uwanja wa ndege. Mwalimu akasogeza kidogo upande wa kushoto, kukatokea weupe mtupu.

"Sasa sisi tuko wapi?"

"Hapo hapo unapopaangalia."

"Lakini hapo hakuna kitu."

"Ndiyo maana nimekuja na tangazo," Mwalimu akasema.

Lilimkera lile. Watu wote hawa, kelele zote hizi, foleni za bombani, msikiti, kanisa, kinyozi na redio yake, halafu mtu wa mbali akiangalia anaona patupu, kama jangwa. Wiki ile ile alikwenda kwenye chumba cha nyuma cha maktaba ambako Mwalimu alikuwa akiwafundisha watu, na hakuacha tena.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Unafungua picha iliyopigwa na setilaiti, unatafuta paa la nyumba, unabofya kona moja, ya pili, ya tatu, ya nne, unafunga. Nyumba imeingia. Ukimaliza mapaa unashika njia kwa miguu, unauliza watu: uchochoro huu mnauitaje, bomba liko wapi, ngazi hizi zinapitika mvua ikinyesha? Unarudi, unaandika. Ukikosea, mtu mwingine popote alipo anaweza kukurekebisha, na wewe kadhalika. Hakuna anayelipwa. Shoga yake mmoja alimwambia amerogwa, mwanamke mzima kushinda anachora vibanda vya watu. Alicheka tu.

Mtu aliyemuunga mkono tangu mwanzo alikuwa kaka yake.

Kaka huyu alikuwa fundi mwashi, mkubwa wake, mtoto wa kwanza wa mama yao, nao walizaliwa wawili tu. Aliishi na mke wake juu kule mteremkoni, nyumba zilikokaliana mabegani kama watazamaji wa mpira. Nusu ya kuta za kule alizijenga yeye. Siku asizokuwa na kazi alitembea na dada yake kichochoro hadi kichochoro, kwa maana watu wa mteremkoni waliogopa mgeni mwenye simu mkononi.

"Mmekuja kutubomolea?" mzee mmoja aliwafokea kutoka dirishani.

"Mzee wangu, huyu ni mdogo wangu," kaka mtu akajibu. "Angekuwa wa kubomoa, angeanza na kwangu. Ananidai tangu utotoni, nilimvunjia mdoli."

Mzee akacheka, akawapa na maji ya kunywa.

Nyumba ya kaka ilijulikana hata kwenye picha ya setilaiti. Paa lake lilikuwa jekundu nusu, nusu bati tupu. Alipoonyeshwa alishika kiuno akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata huko juu wanajua rangi iliniishia!" Dada yake alipoanza kubofya zile kona, alimsimamia kama anavyosimamia vibarua wake. "Na kibaraza, bibie. Usininyime kibaraza. Nimekijenga kwa mikono hii." Akakiongeza kibaraza, kisanduku kidogo kilichojitokeza upande wa mbele, na kaka mtu akaridhika.

Zikaja mvua zisizo na adabu. Zilinyesha mchana kutwa, zikapumzika kidogo kama mtu anayevuta pumzi, zikaanza upya. Fundi mwashi hana kazi siku kama hizo. Lipu haishiki ukutani. Kwa hiyo siku mteremko ulipokatika kaka alikuwa nyumbani, amelala chali akisikiliza bati. Hivyo ndivyo mke wake alivyomwacha alipotoka kwenda hospitali, ambako alikuwa mfua mashuka.

Ilikuwa alasiri. Dada Fotokopi alikuwa ameipiga mashine kofi la pili au la tatu aliposikia mngurumo, akadhani ni lori. Mngurumo haukupita. Kioo cha kaunta kikatetemeka, zile picha za pasipoti zikahama mahali pake, umeme ukakatika. Kisha kimya kifupi. Kisha sauti za watu.

Alitoka mbio kama alivyokuwa, kandambili moja ikabaki njiani. Alipofika chini ya mteremko alisimama. Mteremkoni hapakuwepo tena. Kulikuwa na ulimi mmoja wa udongo mwekundu, mpana, laini, unatoa mvuke. Vichochoro vyote alivyovitembea vimelambwa kwa pamoja. Watu walizunguka juu ya udongo ule na majembe, wanaita majina, wanachimba hapa, wanaacha, wanakimbilia pale, kwa sababu hakuna aliyejua tena nyumba ya nani ilikuwa wapi.

Mwalimu Dira ndiye aliyemshika bega. "Mwanangu. Ramani."

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alirudi dukani mguu mmoja peku. Kinyozi akaleta jenereta lake, wakawasha mashine, na karatasi zikaanza kutoka: nyumba zote za mteremkoni, moja moja, na umbali kutoka kwenye mnara wa simu ambao ulikuwa umesalia. Wachimbaji wakagawana zile karatasi. Wakapima kwa kamba kutoka mnarani, wakachimba mahali palipokuwa na nyumba. Yule mzee wa dirishani walimtoa akiwa hai, mlango umemwangukia ukamkinga. Wengine waliwatoa maiti, lakini waliwatoa. Watu walimshika mkono Dada Fotokopi, wakamwambia Mungu amzidishie. Hakuwa anasikia vizuri.

Mahali pa kaka yake walichimba mpaka wakagonga mwamba. Walipata sufuria. Walipata kipande cha bati chenye rangi. Nyumba yenyewe ilikuwa imesombwa nzima nzima hadi bondeni, chini ya udongo ambao hata tingatinga halikuweza kuufikia. Wakachimba siku nyingine, na nyingine. Halafu wakubwa wakaja na makoti ya mvua, wakasema ardhi bado inatembea, mtu yeyote asipande tena. Ikasomwa dua ya pamoja, ukazungushwa utepe wa plastiki, ikawa basi.

Mama yao hakupata mwili wala kaburi. Watu waliokuja kutoa mkono wa pole walimkuta amekaa mkekani, anatazama mlango, na kila kivuli kilipopita alinyanyua kichwa. Wifi alikaa nao mpaka msiba ukaisha, kisha akahamia kwa ndugu zake. Mwanzoni alipiga simu. Baadaye simu zikawa chache, kisha zikawa salamu za kupitia watu.

Miezi ikapita, ikatoka picha mpya ya setilaiti. Kwenye picha hiyo ule ulimi wa udongo ulionekana wazi, kama kovu. Lakini kwenye ramani nyumba zote za mteremkoni zilikuwa bado zimesimama, kila moja na kona zake.

"Lazima ziondolewe," Mwalimu alisema siku walipokutana maktaba, akiangalia meza. "Watu wa umeme wanaitumia ramani hii. Watu wa afya pia. Nani atashika hiyo kazi?"

Kila mtu akapata kitu cha kutafuta kwenye mkoba wake.

"Nitafanya mimi," Dada Fotokopi akasema. "Niliwachora mimi."

Aliifanya dukani, alasiri, wateja wakipungua. Alianzia chini kupanda juu. Kila nyumba aliijua. Hii ya mama mwenye kuku, hii ya wale mapacha, hii ya fundi redio. Anabofya, anafuta, weupe unabaki. Kazi ya kuzichora ilimchukua msimu mzima. Kuzifuta ilikuwa kufumba na kufumbua. Mwishoni ikabaki moja, ile yenye kibaraza.

Mkono ukakataa. Alijaribu siku ile, akajaribu kesho yake. Alipiga moyo konde, kidole kikafika juu ya kitufe, kikakaa hapo mpaka mteja akaja kutaka picha za pasipoti. Akaiacha.

Mama yake ndiye aliyeigundua. Alipita siku moja kumletea mwavuli, akaona kile kisanduku cha peke yake katikati ya skrini nyeupe.

"Hicho nini?"

"Ni kwa kaka, Mama."

Mama akavuta kiti. Kisha akanyoosha kidole, karibu kugusa kioo. "Hiki ndicho kibaraza?"

"Ndicho."

Kuanzia siku hiyo alikuja alasiri nyingi. Alijifunga kanga safi, akaja kukaa kwenye kile kiti pembeni ya kompyuta, na Dada Fotokopi akamfungulia. Wateja walidhani bibi amekuja kumtembelea binti yake. Wakati mwingine alisema, "Ikuze kidogo," naye akaikuza, mpaka mistari minne ikajaza skrini yote na kukawa hakuna cha kuona ila mistari. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na maelezo. Nyumbani alianza tena kula. Binti aliona hilo, na hilo ndilo lililomfunga mikono kabisa.

Siku moja akakuta ujumbe kwenye ramani. Mtu wa kujitolea wa mkoa mwingine, asiyemfahamu, alikuwa ameulizia kwa adabu: nyumba hii haionekani kwenye picha mpya, je, bado ipo?

Aliutazama ujumbe ule mpaka chai yake ikapoa. Akaandika neno moja: Ipo. Akaufunga.

Baada ya hapo alisikia joto usoni, kama mtu aliyeiba kitu dukani kwa jirani yake.

Halafu ikaja kampeni ya chanjo. Watu wa zahanati walileta kazi ya haraka asubuhi na mapema: ramani za mtaa, nakala nyingi, kila mchanjaji na eneo lake. Foleni ilikuwa imefika kwa kinyozi, mashine inatafuna karatasi, na yeye, ambaye hakuwahi kunakili kitu bila kukisoma, siku hiyo hakusoma. Alipiga kofi mashine, akapanga karatasi, akazikabidhi.

Jioni habari zikafika. Mchanjaji mmoja, msichana aliyetoka chuo juzijuzi tu, alikuwa amepewa upande wa mteremko. Karatasi yake ilimwonyesha nyumba moja juu kabisa. Akaukuta utepe wa plastiki umekatika zamani na kulala chini, akapita. Ardhi ikabomoka chini ya mguu wake. Alibiringika mpaka bondeni na lile boksi la chanjo begani, akalala huko na mguu uliovunjika mpaka waokota kuni waliposikia sauti.

Dada Fotokopi alikwenda hospitali kesho yake. Alimkuta amelazwa, mguu umening'inizwa kwa kamba, uso umechubuka upande mmoja. Alijiandaa kutukanwa. Alikuwa hata ameyapanga maneno ya kuomba radhi.

"Wewe ndiye dada wa ramani?" msichana akamwuliza. "Asante kwa kuja. Wananiambia hakuna nyumba kule."

"Hakuna."

"Mimi nilipoiona iko peke yake juu kule, nikajisemea, hawa ndio wanaosahauliwa kila siku. Lazima kuna mtoto." Akajaribu kutabasamu, midomo ikamuuma. "Nikasema leo hawasahauliki."

Maneno ya kuomba radhi yakapotea. Alishika chuma cha kitanda. "Niliiacha mimi," akasema. "Ilikuwa ya kaka yangu. Nilijua haipo."

Msichana alimtazama. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Aligeuza uso upande wa dirisha, akasema anataka kulala.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Dira, akamkuta anamwagilia mboga zake. Akamwambia yote wima, bila kukaa, hata lile neno alilomjibu mtu wa mkoa mwingine. Mwalimu akaweka kopo chini.

"Niliiona siku nyingi," akasema. "Kila nilipofungua ramani niliiona. Nikasema nikimgusa huyu binti atavunjika, nikanyamaza. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako."

"Mguu uliovunjika si wako wala wangu, Mwalimu."

"Hapana," akasema. "Si wetu."

Zahanati walikwenda wote wawili, wakaeleza. Walisikilizwa, wakaambiwa wasubiri nje, kisha wakaambiwa waende. Ilibaki kumwambia Mama.

Alimwambia wakiwa jikoni. Mama alikuwa anaosha vyombo. Aliendelea kuosha, akaosha na vile vilivyokuwa safi. Binti alidhani hakusikia, akaanza kurudia.

"Nimesikia," Mama akamkata. "Huyo mtoto wa watu ana mama?"

"Anaye."

"Yuko naye hospitali?"

"Nilimkuta mlangoni."

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake alasiri alikuja dukani. Hakukaa kwenye kiti chake cha pembeni. Alisimama nyuma ya kaunta, mbele ya kompyuta, akasema, "Fungua."

Akafungua.

"Niambie nibonyeze wapi."

"Mama, niachie. Ni kazi yangu."

"Ni mwanangu," Mama akasema. "Sikumzika. Niambie nibonyeze wapi."

Akamshika mkono, mkono mkavu wenye harufu ya sabuni, akauweka juu ya kipanya, wakaisogeza alama pamoja mpaka kwenye kile kisanduku. Kikageuka rangi. Akamwonyesha kitufe. Mama alivuta pumzi, akabonyeza kwa nguvu kupita kiasi, kama anayebana chawa. Nyumba ikatoka, na kibaraza chake.

"Imekwisha?"

"Bado. Inataka tuandike tumefanya nini na kwa nini. Maneno machache tu, ili watu wengine wajue."

Mlangoni mteja aliyekuja na kitambulisho chake aliona nyuso zao, akarudi nje.

"Andika haipo."

"Basi?"

"Andika na kwamba kulikuwa na mtu."

Akaandika: Nyumba haipo tena. Alikuwa anaishi mtu. Akatuma. Mama alisubiri mpaka alipoambiwa imefika, kisha akachukua mwavuli wake, akaondoka bila kuaga.

Hakuja tena dukani. Binti alitegemea labda sasa moyo wake ungetulia, kwa kuwa watu husema mtu akizika hupumzika. Haikuwa hivyo. Alirudi kule mkekani, macho mlangoni, chakula akikisogeza tu kwenye sahani. Kama kile kisanduku kilikuwa dawa, basi ilikuwa imeisha, na hakuna mahali pa kununua nyingine. Alimpenda binti yake kama zamani, alimwitikia, alimwombea, lakini jina la kaka lilitoka ndani ya nyumba ile kama nyumba yake ilivyotoka kwenye ramani.

Msichana wa chanjo alipona na kubaki na mguu mfupi kidogo. Walimpa kazi ya mapokezi kwenye ile zahanati ya jirani, kwa hiyo Dada Fotokopi alimwona karibu kila asubuhi akifungua pazia la dirisha lake. Walisalimiana. Salamu tu.

Kuchora hakuacha. Ila alikoma kutembea vichochoroni na simu, na mtaa wake mwenyewe aliwaachia wengine. Alichagua mikoa ya mbali, vijiji ambavyo hakujua hata watu wake husalimianaje, akachora mapaa yao kutoka juu. Kwenye mkutano wa maktaba Mwalimu alimwuliza kama hataki kurudi kufanya kazi ya nje, akasema miguu inamsumbua. Mwalimu hakuuliza tena.

Jioni moja mvua ilikuwa imeanza, ndogo, ya kunong'ona. Alirudi nyumbani akamkuta Mama amejilaza kabla jua halijazama.

"Leo umechora wapi?" Mama akamwuliza, jambo ambalo hakuwa ameliuliza siku nyingi.

"Mbali, Mama. Kijiji sikijui."

"Kuna watu?"

"Kuna mapaa," akasema.

Mama akaitikia kwa koo, akageukia ukutani, akavuta shuka.